Uzi: Nimekwenda Edale, kijiji cha Uingereza ambacho watu wanakwenda kutembea tu. Nikapoteza kiatu, nikapata stori

Mghosi wa Mlalo

Wakuu salaam. Nipo Sheffield mwaka wa nne sasa, nahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea. Kuna bibi mmoja pale, miaka 91, miguu haimtii tena lakini kichwa kizima kabisa. Kila asubuhi nikimvalisha soksi ananiuliza swali lilelile: "Umeshafika Edale?" Namjibu bado. Anatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa nimekaa Tanga sijawahi kuona bahari.

Mwezi wa pili nikapata Jumamosi ya mapumziko, nikasema leo naenda, nikome kuulizwa.

Kutoka Sheffield ni treni ya kama nusu saa. Mnaingia handaki la Totley, lina zaidi ya kilomita 5, giza mpaka unajiona usoni kwenye kioo, halafu mnatokea upande wa pili dunia imebadilika: kuta za mawe, kondoo, vilima. Stesheni ya Edale nilidhani nitashuka peke yangu. Behewa zima lilishuka! Wazee wa miaka 70, wasichana, baba kabeba mtoto mgongoni, wote mabuti, fimbo mbili mbili, makoti ya mvua. Jamaa mmoja kavaa kaptula. Februari, wakuu. Kaptula.

Mimi nilikuwa na raba za kitambaa. Kumbukeni hizo raba.

Kijiji chenyewe ukikitafuta hukioni. Barabara moja nyembamba, kanisa, shule, nyumba za mawe meusi, baa mbili, basi. Hata si kijiji kimoja, ni vitongoji vitano vimetawanyika bondeni, na majina yao yote yanaishia na Booth: Barber Booth, Upper Booth na wenzake. Maana yake ni vibanda vya wachungaji wa zamani. Sisi tungesema kambi za mifugo. Hakuna soko, hakuna hata mtu anayekuuzia kitu njiani. Sasa hawa watu wote wanafuata nini?

Wanafuata njia. Mwisho wa kijiji kuna baa inaitwa Old Nags Head, wanasema jengo ni la mwaka 1577, na hapo ndipo inapoanzia Pennine Way. Njia ya miguu, kilomita 431, inapita mgongoni mwa Uingereza mpaka Kirk Yetholm, Scotland. Ilifunguliwa 1965. Watu wengi wanaimaliza kwa wiki mbili na ushee. Wakifika mwisho wanarudi nyumbani wakichechemea.

Nakuja na sehemu ya pili, ngoja niingie zamu.

---

Nyundo

Kwa hiyo umelipa nauli kwenda kutembea? Bibi yangu Rombo alikuwa anatembea kilomita 12 kila Jumanne kwenda mnadani na hakuna aliyempigia makofi.

Mama Pendo

Nyundo acha wivu 😂 Mghosi endelea, nimeshaweka jiko hapa.

Chuma cha Pua

Uzi bila picha ni stori za kijiweni.

Mghosi wa Mlalo

@Chuma picha zipo mbili tu, utajua kwa nini.

Sehemu ya pili. Hapo Old Nags Head kuna kibao, unakata kushoto. Hatua chache tu unakutana na lango dogo la mbao, na ng'ambo yake ni shamba la mtu. Majani mabichi, kondoo wamepakwa rangi mgongoni kumtambua mwenyewe, na njia ya mawe mapana imekatisha katikati. Nyumba ya mwenye shamba naiona kule, moshi unatoka.

Nikasimama. Nyie mliokulia kijijini mnanielewa. Huwezi kujiingilia tu kwenye shamba la mtu unapita na mifugo yake inakutazama. Nikafanya alichonifundisha mama: nikapiga hodi. Kwa sauti. "Hodi!"

Kondoo wakainua vichwa.

Nyuma yangu akatokea mama mmoja na mbwa wake. Akanitazama, akafungua lango, akalishika ili nipite kwanza, akasema habari ya asubuhi, akanionyesha nguzo. Kwenye nguzo kuna kishale cha manjano. Akasema: kishale hiki maana yake ni njia ya umma, ya miguu. Ukikiona cha buluu, hata farasi na baiskeli wanapita. Mwenye shamba ni mwenye shamba, lakini mstari huu wa njia si wake kuufunga. Hata akiuza shamba mara kumi, njia inabaki.

Nikamuuliza, akiweka ng'ombe mkali? Akacheka, akasema ng'ombe wenye ndama ndio wa kuogopa kweli, wazungukie mbali, mbwa umfunge kamba. Lakini njia haifungwi.

Wakuu, nilipita lile shamba nikiwa na mawazo mengi. Njia hizi zimechorwa kwenye ramani ya serikali, moja moja, England na Wales zinafika kama kilomita 225,000. Ukuta ukikatiza njia, ukuta ndio unaoweka ngazi. Nimevuka ngazi za mbao na za mawe, na kuna malango yamebanwa hivi unapita mtu mmoja, mguu ndani mguu nje, kondoo hawezi. Kuta zenyewe hazina hata chembe ya saruji, jiwe juu ya jiwe.

Ukipita Upper Booth unafika mlima unaoitwa Ngazi ya Yakobo. Nikajua ni ile ya Mwanzo 28, kumbe kulikuwa na mkulima anaitwa Jacob Marshall, karne ya 18, alikuwa anasafirisha mizigo na farasi. Farasi anamwacha azunguke taratibu, yeye akajichongea vidato moja kwa moja mpaka juu. Mtu amechoka kuzunguka, leo jina lake lipo kwenye ramani. Pale mzee wa miaka 70 na zaidi alinipita mara mbili: mara ya kwanza ananipita, ya pili ananipita tena kwa sababu alirudi kuokota glavu yake.

Nyundo

😂😂 Glavu imeniua.

Mama Pendo

Na ile hodi! Umetuwakilisha vizuri.

Mghosi wa Mlalo

Sehemu ya tatu, raba.

Juu ya Ngazi ya Yakobo ndiyo unaingia Kinder Scout. Mita 636, usicheke wewe wa Kilimanjaro. Si kilele, ni uwanda mpana juu kabisa, tambarare, mweusi. Nilikuwa na anga safi kwa dakika kama ishirini, nikapiga zile picha mbili. Halafu ukungu ukaja. Haukushuka kutoka juu kama wa Usambara, ulikuja kwa ubavuni kama mtu anavuta pazia. Mlalo nimekulia kwenye ukungu, nikajiamini. Kosa.

Mlalo ukipotea unafuata mahindi unafika kwa mtu. Kule hakuna kwa mtu. Simu haina mtandao. Njia ya mawe ikaishia mahali, nikaendelea mbele, hatua ya tatu mguu wa kulia ukazama mpaka gotini. Si tope la kawaida. Ni mboji: majani yaliyokosa kuoza vizuri kwa maelfu ya miaka, yamelowa, meusi kama mafuta machafu ya gari, baridi inakata mfupa. Nikavuta mguu ukaja. Raba haikuja. Nikalala kifudifudi nikaingiza mkono mpaka begani, naisikia kwa ncha za vidole, naigusa, inazidi kwenda. Ipo huko mpaka leo.

Nikakaa kwenye jiwe na soksi moja. Nikapiga kelele. Wakatokea mume na mke, watu wazima, ramani wameining'iniza shingoni kwenye mfuko wa plastiki, dira mkononi. Mke akatoa soksi nene, mume akanifunga mfuko juu yake na kamba ya kiatu. Wala hawakunicheka, mpaka tulipofika chini. Chini walicheka mpaka wakashikana mabega.

Yule mke ndiye aliyenieleza kuhusu mboji. Anasema zamani ule uwanda ulikuwa umefunikwa na aina ya kuvumwani inayonyonya maji kama sponji. Moshi wa viwanda vya Manchester na Sheffield ukaiua kwa miaka zaidi ya mia, kondoo na moto vikamalizia. Mboji ikabaki uchi, mvua ikaichimba makorongo. Sasa wanaipanda upya kwa mkono, shina kwa shina, na kuziba makorongo kwa mawe. Na yale mawe mapana ya njiani mengine ni sakafu za viwanda vya nguo vilivyokufa, yaliletwa na helikopta.

Dokta wa Mabondeni

Mghosi una bahati. Nimeishi Manchester miaka tisa, nimetembea kule mara nyingi. Kwa anayepanga kwenda: ramani ya karatasi, usitegemee simu. Filimbi, unapuliza mara sita kwa dakika, unapumzika dakika, unarudia. Tochi. Ukiumia piga 999, omba polisi, halafu waambie waokoaji wa milimani. Wale ni watu wa kujitolea, hawalipwi hata senti, na hawakuchaji. Mchana wa Februari ni mfupi, giza linaingia mapema.

Na usiende Kinder siku ya kwanza. Nenda upande wa pili wa bonde, upande Hollins Cross uende Mam Tor, mita 517. Njia imejengwa mawe, unaona bonde zima la Edale kulia na Castleton kushoto. Wanauita mlima unaotetemeka kwa sababu unaporomoka. Chini yake kuna barabara kuu ya zamani, walihangaika nayo miaka na miaka, 1979 wakanyoosha mikono wakaifunga. Mpaka leo unatembea juu yake: lami imepasuka vipande, ukitazama kwenye ufa unahesabu tabaka juu ya tabaka, kila walipoziba ikashuka tena.

Chuma cha Pua

Huyo mkandarasi namfahamu, yupo pia barabara ya mtaani kwetu.

MtuwaKericho

Ngoja niulize kitu. Hao Waingereza ndio walikuja Kericho wakachukua ardhi ya babu zetu, wakapanda chai, wakaweka mipaka, ukionekana ndani unashikwa. Leo unaniambia kwao njia haifungwi? Yaani haki ya kupita wamejiwekea wao, sisi wakatuletea seng'enge?

Mghosi wa Mlalo

@MtuwaKericho hapo ndipo nilipokuwa nakwenda. Na wao walifungiwa. Na waliofungua walikwenda jela.

Karne ya 18 na 19 ardhi za pamoja Uingereza ziligawanywa kwa sheria, wenye nguvu wakazungushia kuta. Zile kuta nilizokuwa nazisifia, nyingi ndizo hizo. Kinder ikawa mali ya wakubwa, sehemu yake ya Duke wa Devonshire, mwinyi haswa. Waliihifadhi kwa ajili ya kuwinda ndege fulani jamii ya kwale, siku chache kwa mwaka. Siku zilizobaki ni bwana nyama na virungu vyao kuwafukuza watu.

Sasa pande zote mbili za mlima kuna Manchester na Sheffield, maelfu ya watu wa viwandani, mapafu yamejaa moshi, Jumapili moja ya kupumzika kwa wiki. Mlima wanauona dirishani, kuukanyaga marufuku.

Tarehe 24 Aprili 1932, watu kama 400 wakakusanyika kwenye machimbo ya mawe Bowden Bridge, upande wa Hayfield. Kiongozi kijana wa miaka 20, Benny Rothman, fundi. Polisi walikuwa wanamsubiri stesheni ya treni Manchester, yeye akaja na baiskeli. Akapanda juu ya jiwe akahutubia, wakapanda mlima. Kundi jingine la Sheffield likaanzia hapahapa Edale, wakakutana juu. Katikati wakapambana na bwana nyama, mmoja akaumia. Waliporudi Hayfield polisi wakawakamata.

Watano wakafungwa, kati ya miezi miwili na sita. Rothman minne. Na kosa halikuwa kuingia kwenye ardhi ya mtu, kwa sababu hilo peke yake halikuwa jinai. Waliwashtaki kwa fujo na mkusanyiko haramu.

Chuma cha Pua

Leo naacha utani, niweke sawa jambo moja. Usije ukaonekana unasema watembeaji wote walikuwa nyuma ya Rothman. Vyama vikubwa vya watembeaji vya wakati ule vilimpinga. Walikuwa kwenye mazungumzo na wenye ardhi, wakaona hawa vijana wa kikomunisti wanawaharibia. Kilichobadilisha hisia za watu ni zile hukumu. Kumfunga kijana miezi minne kwa sababu amepanda mlima, hata asiyependa kutembea alikasirika.

Halafu angalia kasi. Sheria ya hifadhi za taifa ilikuja 1949. Hifadhi ya kwanza nchini, hiyo ya Peak District ambayo Edale na Kinder zimo ndani yake, 1951. Haki ya kutembea popote juu ya milima na nyika, si kwenye mstari wa njia tu, ilipitishwa mwaka 2000. Miaka 68! Na mpaka leo eneo la uhuru huo ni kama asilimia 8 ya England. Kwingine kote shika njia yako.

MtuwaKericho

Na huyo mwinyi?

Mghosi wa Mlalo

Kinder ikanunuliwa na National Trust, shirika la hisani la kuhifadhi ardhi na majengo ya kale, mwaka 1982, ni ya umma kwa maana hiyo. Mwaka 2002, ilipotimia miaka 70, Duke wa Devonshire wa wakati huo alikwenda palepale Bowden Bridge akasimama mbele ya watu akaomba radhi kwa alichofanya babu yake. Rothman alikuwa amefariki Januari ya mwaka huohuo. Miezi mitatu tu.

Mama Pendo

Daah. Si angeomba Krismasi.

Binti Kilindi

Mimi nauliza la kwangu. Nipo Leicester, natamani sana haya mambo lakini naogopa kuwa mweusi peke yangu kijiji kizima. Watu wanakutazamaje?

Mghosi wa Mlalo

@Binti Kilindi sitakudanganya, nilikuwa peke yangu siku ile. Ila njiani kila mtu anasalimia, kitu ambacho mjini hukioni. Ukipanda kilima umesalimiwa mara arobaini, mpaka pumzi inakuishia kwa kuitikia. Yupo mmoja tu aliniuliza kama nimepotea, na muda huo nilikuwa sijapotea bado. Ningepotezwa na nini barabarani? Nikamwambia hapana, akaondoka. Saa mbili baadaye nilimkumbuka kwa uchungu sana.

Dokta wa Mabondeni

Binti, Sheffield kuna kundi la Waafrika na Wakaribea wanatembea pamoja tangu 2004, mmoja wa waanzilishi ni Mghana, Maxwell Ayamba. Walianza wanaume wanaotaka kupunguza presha na sukari, siku hizi familia nzima. Anza na kundi, halafu utazoea.

Nyundo

Mghosi, na bibi wa soksi ulimwambia nini?

Mghosi wa Mlalo

Jumatatu nimeingia zamu, nimepiga magoti pale na soksi zake, nikamwambia nimefika. Akaniambia nieleze nilikopita. Nikaeleza: Old Nags Head, kushoto, Upper Booth, Ngazi ya Yakobo. Akakunja uso. "Umepita njia ya wageni." Njia ya mwanzo ya Pennine Way, anasema, ilikuwa inapanda moja kwa moja korongo la Grindsbrook, mkono juu ya mwamba, baadaye ndiyo wakaihamisha. Nilipofika kwenye stori ya raba alicheka mpaka nesi akaja kuchungulia. Kisha akauliza ilikuwa ya mguu gani. Nikamwambia wa kulia. Akasema: "Wangu wa kushoto."

Mama Pendo

😂😂😂 Ziko pamoja huko chini.

Binti Kilindi

Mghosi, mwanzoni umesema ulipita lile shamba na mawazo mengi. Mawazo gani?

Mghosi wa Mlalo

Umesoma kwa makini wewe.

Kwetu kuna njia ya kwenda kisimani. Bibi yangu aliipita, mama aliipita, mimi nimeanguka na ndoo pale mpaka nina kovu kwenye goti. Miaka miwili iliyopita kuna mtu kanunua lile eneo, kaweka mabati pande zote. Watu sasa wanazunguka mlima, dakika 40 na ndoo kichwani. Tukilalamika anasema tuonyeshe karatasi ya njia. Nani ana karatasi ya njia?

Nikamsimulia yule mama wa mboji tukiwa tunakunywa chai chini. Akaniambia hata kwao njia nyingi hazikuwa na karatasi. Sheria yao inasema watu wakipita mahali miaka 20 mfululizo, waziwazi, bila kuomba ruhusa na bila kuzuiwa, panaweza kuandikishwa kuwa njia. Ushahidi ni wazee. Kila mmoja anajaza fomu: nimepita hapa tangu mwaka fulani, kwenda mahali fulani, mara ngapi kwa wiki.

Najua sheria yao si yetu. Lakini nimempigia kaka yangu. Amenunua daftari.

Chuma cha Pua

Baraza la ardhi la kijiji linasikiliza ushahidi wa mdomo vizuri tu. Aandike majina kamili, umri, na kila mzee aeleze njia inapita wapi, mti gani, jiwe gani. Asiwaandikie wote maneno yanayofanana.

Mghosi wa Mlalo

Asante mkuu. Mpaka jana usiku amefikisha wazee 14. Mmoja amesema anaikumbuka njia tangu kabla ya uhuru, alikuwa anapelekwa amefungwa mgongoni.

Nyundo

Tuletee mrejesho. Na namba ya kiatu, sisi wa Rombo tukuchangie buti.

Mghosi wa Mlalo

42. Wa kulia tu.